Zamu Mbili za Mtoto Mmoja

Daftari ni la kawaida, limefunikwa kwa karatasi ya gazeti, pembe zimeanza kukunjika. Ukilifungua kwa mbele unakuta hesabu za darasa la pili: kujumlisha kwa kubeba, saa, sarafu. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma, unakuta hesabu za darasa la tatu. Mwandiko ni uleule, ila huku nyuma herufi zimebanana, maana mwandishi wake alikuwa amejibanza ukingoni mwa dawati lililokwisha kujaa, kiwiko hakina pa kuegemea. Madarasa mawili yanasogeleana ndani ya daftari moja. Nilipolishika, kurasa chache tu ndizo zilizokuwa zimebaki kati yao.

Kilichonikera ni rangi. Mbele, alama za vema ni za kalamu nyekundu. Nyuma ni za penseli.

Mwenye daftari ni msichana wa miaka minane, mwanafunzi wa shule ya serikali huku Nyamirambo, Kigali. Kama ilivyo katika shule nyingi za msingi za Rwanda, madarasa ya chini hapa husoma kwa zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana, chumba kilekile. Vyumba vipya 22,505 ambavyo serikali ilianza kuvijenga mwaka 2020 vimepunguza msongamano, lakini zamu hazijaisha. Mwalimu wake hufundisha la pili asubuhi na la tatu mchana. Muhula wa kwanza alimwona mtoto huyu akimaliza hesabu kabla yeye mwenyewe hajamaliza kuziandika ubaoni, kisha anageukia kuwasumbua jirani zake. Siku moja alimwambia asiende nyumbani. Akae, ale, aingie tena.

Chakula cha shule, ambacho mzazi wa mtoto wa msingi huchangia faranga 975 kwa muhula, ndicho kinachomvusha hadi mchana. Mwalimu anacheka: huyu analipia sahani moja, anakula madarasa mawili.

Na penseli? Jina la mtoto halimo katika orodha ya la tatu. Penseli hufutika mkaguzi akija. Mwalimu hajamwomba mwalimu mkuu ruhusa, kwa sababu, anasema, akiombwa atalazimika kujibu.

Mama wa mtoto anakaanga sambusa kabla ya alfajiri. Mteja wake mmoja alimshauri amtoe shule amsomeshe nyumbani, kama zinavyofanya familia kadhaa za Kigali zenye mtaala wa kigeni, kompyuta na mzazi mmoja asiyetoka. Mama akaja kumuuliza mwalimu. Nilitarajia mwalimu aitetee shule. Hakuitetea sana.

Anakumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi na kuanza kufunguliwa kidogo kidogo Novemba, masomo yakiwa redioni na kwenye televisheni. Wanafunzi waliporudi, wapo waliokuwa wametangulia mbele ya kitabu, na wapo waliokuwa wamesahau kushika kalamu. Redio ilikuwa ileile. Tofauti, anasema, ni nani alikuwa amekaa kando ya mtoto. Kwa hiyo hamuulizi mama kama nyumbani ni pazuri au pabaya. Anamuuliza saa nne asubuhi atakuwepo nani. Mama hana jibu. Tena Kiingereza, ambacho tangu uamuzi wa mwishoni mwa 2019 ndicho lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza, hakizungumzwi nyumbani kwao. Kuna Kiswahili na Kinyarwanda.

Lakini shule nayo haiponi mdomoni mwake. Darasa lililojaa, anasema, huendeshwa kwa mwendo wa aliye katikati. Wa nyuma anahurumiwa. Wa mbele anaadhibiwa kwa kungojeshwa. Mwenye akili asiye na kazi huitwa mtukutu, na ukimwita hivyo mwaka mzima, anakubali. Anawajua waliokubali. Wawili huwaona stendi.

Ukimwambia kwamba serikali inavithamini vipaji, hapingi. Rwanda Coding Academy, shule ya kufundisha uandishi wa programu za kompyuta, ilifunguliwa Nyabihu mwaka 2019 kwa wanafunzi 60 waliochujwa nchi nzima, na njia ya kufika huko wakati huo ilikuwa mtihani wa taifa wa la sita, kisha ule wa kidato cha tatu. Yaani nchi ilimtafuta mwenye kipaji baada ya miaka tisa darasani. Kabla ya kufika kwenye mitihani, mtoto anategemea apate mwalimu gani, na mwalimu huyo yuko tayari kuvunja utaratibu kiasi gani. Mwenye pesa anachagua kati ya nyumba na shule. Mama wa sambusa hajawahi kuwa na uchaguzi huo, na binti yake amepata vyote viwili nusunusu, bila karatasi yoyote.

Je, ni haki kwa wale wa la tatu wanaobanwa dawatini kwa ajili yake? Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa hilo nalo analiwaza.

Septemba mtoto ataandikwa rasmi la tatu, darasa ambalo amekwisha kulisoma. La nne, katika shule hii, husomwa kutwa nzima. Hakutakuwa na zamu ya kuazima. Nilimuuliza mwalimu itakuwaje. Akanijibu kwamba yeye hafundishi la nne, nikamuulize anayelifundisha.