BETRI ZIPO DUKANI, KAZI IMEKWENDA WAPI?



Chukua tochi yako. Fungua kifuniko, utoe betri, au mawe kama wengine tunavyoyaita. Soma maneno yaliyoandikwa ubavuni. Mara nyingi utaona jina la nchi ambako betri hiyo ilitengenezwa.

Kwa miaka mingi betri za Eveready zilizouzwa Kenya zilitengenezwa mjini Nakuru. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1967. Kwa mshahara wa kiwanda hicho watu walilisha jamaa zao na kusomesha watoto.

Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Wafanyakazi wapatao 100 walipoteza kazi. Lakini betri za Eveready hazikwisha madukani. Kampuni iliamua kuziagiza kutoka Misri.

Kwa nini? Kampuni ilitoa sababu mbili. Kwanza, gharama ya kutengeneza betri Nakuru ilikuwa kubwa. Pili, betri za bei rahisi kutoka Asia zilijaa sokoni.

Tena, Kenya na Misri ni wanachama wa COMESA, umoja wa biashara wa nchi nyingi za Afrika. Bidhaa iliyotengenezwa Misri yaweza kuingia Kenya bila kutozwa ushuru wa forodha.

Sasa nasi tupige hesabu yetu. Ukinunua kitu cha bei rahisi, unabakiza shilingi chache. Hilo si kosa, kwani fedha ya mkulima ni jasho lake. Lakini mtu aliyekosa mshahara hupunguza maziwa, unga na mboga. Kiwanda kikifungwa mjini, shamba nalo huguswa.

Je, tufunge mlango, bidhaa za nje zisiingie? Fikiri kwanza. Misri ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Mlango unaoingiza betri ndio unaotoa chai ya mkulima.

Basi tufanye tunayoyaweza. Kabla ya kununua, soma kitu kimetengenezwa wapi. Kama bei na ubora ni sawa, chagua cha nyumbani. Kama mtoto wako anafanya kazi kiwandani, mshauri aweke akiba na ajifunze ufundi wa pili. Kiwanda chaweza kuhama. Ufundi alionao mtu huenda naye.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kiwanda cha Nakuru kilifungwa?
2. Nyumbani kwako kuna vitu gani vilivyotengenezwa nchini?
3. Kijiji chetu kinauza nini mjini, na nani hununua?