Mgodi Ukinunuliwa, Mwenye Hisa Hupata Nini?

Kutoka Kimilili, ukipitia Webuye na Malava hadi Kakamega, kisha ukateremka kidogo kuelekea Ikolomani, unafika Isulu na Bushiangala. Chini ya mashamba ya huko kuna dhahabu ambayo imepita mikononi mwa kampuni kadhaa kabla hata mgodi mkubwa haujajengwa. African Barrick Gold, iliyokuja kuitwa Acacia, iliingia mwaka 2012 kwa kuinunua Aviva Mining ya Kenya, iliyokuwa na mradi wa kutafuta dhahabu huko. Mwaka 2019 Barrick ikaimeza Acacia yote. Mwaka uliofuata Shanta Gold, yenye migodi Tanzania, ikaununua mradi huo kutoka kwa Barrick.

Bei ya 2020 inafundisha mengi. Shanta ilikubali kulipa dola milioni 14.5 kwa dhahabu iliyokadiriwa kuwa wakia milioni 1.2 hivi. Gawanya, utapata kama dola 12 kwa wakia, wakati sokoni wakia moja ilikuwa zaidi ya dola 1,500. Mbona rahisi hivyo? Ni kama kununua mahindi yangali shambani: palizi, ukame na viwavi vyote ni mzigo wa mnunuzi. Dhahabu ile ilikuwa makadirio ya awali tu, yaliyotokana na mashimo ya uchunguzi. Bado kulikuwa na kuchoronga zaidi, kutafuta leseni ya uchimbaji, kujenga kiwanda na, jambo zito kuliko yote, kuzungumza na wenye mashamba. Mwaka 2025 suala la kuwahamisha wakazi lilizua upinzani mkali, na mimi naona wana haki ya kusikilizwa kwanza. Mwekezaji asiyewahesabu watu hao hajapiga hesabu yake sawasawa.

Sasa tazama namna malipo yalivyofanywa. Dola milioni 7 zilikuwa taslimu. Milioni 7.5 zilikuwa hisa mpya za Shanta, na juu yake Barrick ikabaki na mrabaha wa asilimia 2. Hisa mpya zikitolewa, fungu la mwenye hisa wa zamani hupungua ingawa idadi ya hisa zake ni ileile. Mrabaha nao hukatwa kwenye mauzo, mgodi upate faida au usipate. Kwa hiyo ukisikia kampuni imenunua mgodi, usishangilie kwanza. Uliza imelipa kwa njia gani.

Mwaka 2024 zamu ikawa ya Shanta yenyewe: Saturn Resources, ya kundi la ETC, iliinunua kwa peni 14.85 kwa hisa, na Shanta ikaondolewa katika soko la AIM la London. Katika ununuzi wa aina hii, wenye asilimia 75 ya thamani ya hisa zilizopigiwa kura wakikubali na mahakama ikaidhinisha, hata aliyekataa hulipwa bei hiyohiyo na kutoka. Faida yoyote itakayokuja baadaye si yake tena.

Basi mtu akikujia sokoni Kimilili au Kitale akikuuzia "hisa za dhahabu ya Kakamega", jua kwamba Shanta haiuzwi tena katika soko la hisa, na Soko la Hisa la Nairobi halina kampuni ya kuchimba dhahabu. Kilichoorodheshwa pale mwaka 2017 ni mfuko wa NewGold, unaofuata bei ya dhahabu yenyewe, si faida ya mgodi wowote. Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha anayekuuzia ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.