Kuruka Sebuleni: Pesa Iende Mkononi au Machoni?

Mraba wa digrii moja kwa digrii moja, wenye kona yake ya chini kwenye latitudo 4 kusini na longitudo 37 mashariki, unabeba Mlima Kilimanjaro, mji wa Moshi na uwanja wa ndege wa KIA. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 12,300. Umbo lote la ardhi hiyo, kuanzia mbuga za chini hadi kilele cha Kibo kwenye mita 5,895, linaenea katika faili moja la megabaiti 26. Picha ya ardhi hiyohiyo, pikseli moja ikifunika kama mita 1.2, inahitaji gigabaiti 5.8. Rangi ya mlima, basi, ni nzito zaidi ya mara 220 kuliko mlima wenyewe.

Anayeanza kujenga simuleta ya ndege nyumbani hukutana na uwiano huo mapema, hata kama hajaupigia hesabu. Ana kiasi fulani cha pesa. Upande mmoja kuna vya kushika: joistiki, usukani, pedali. Upande wa pili kuna mandhari: kadi ya grafiki, diski, bando la intaneti. Pande hizi mbili hazipandi bei kwa mwendo mmoja, na wengi huanza na ule usioshiba.

Umbo la ardhi ndilo rahisi kuliko vyote. Februari 2000, chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Vipimo vyake vya kina viko kila baada ya mita 30 hivi, kwa hiyo mraba wa digrii moja una pointi 3,601 kwa 3,601, kila pointi baiti mbili. Hapo ndipo zinapotoka zile megabaiti 26. Kwa miaka mingi, kwa maeneo ya nje ya Marekani, umma ulipewa toleo hafifu la mita 90. Data za mita 30 zilianza kuachiwa 2014, na Afrika ikawa ya kwanza kufunguliwa. Ukiruka juu ya Bonde la Ufa leo na kuona kingo zake zimekatika sawasawa, hiyo ni kazi ya data ambazo mtu hupakua bure.

Picha ni habari nyingine. Watumiaji wa simuleta ya X-Plane wana programu ya bure iitwayo Ortho4XP, inayochukua picha za setilaiti na kuzipaka juu ya ardhi. Inafanya kazi kwa ngazi. Ngazi ya 16, karibu na ikweta, ni pikseli ya mita 2.4, ya 17 ni mita 1.2, ya 18 ni sentimita 60. Kila ngazi inapunguza upande wa pikseli kwa nusu, na kwa kuwa picha ina pande mbili, uzito unazidishwa kwa nne. Kwa mfinyazo wa kawaida wa kadi za grafiki, nusu baiti kwa pikseli pamoja na nakala ndogo za mbali, mraba wetu wa Kilimanjaro unakuwa GB 1.4, kisha 5.8, kisha 23. Tanzania nzima, yenye kilomita za mraba 945,000, ni sawa na miraba 77 ya aina hiyo. Kwa ngazi ya 16 ni kama GB 111, kwa ya 17 ni GB 445, na kwa ya 18 inakaribia terabaiti 1.8. Bado hatujaweka nyumba hata moja.

Swali ni kama jicho linafaidi. Chukua skrini ya kawaida ya pikseli 1,920 kwa upana, inayoonyesha pembe ya digrii 60. Kila pikseli inafunika takriban digrii 0.03. Ukiwa futi 35,000 juu, pikseli hiyo ikitazama chini moja kwa moja inafunika karibu mita 6 za ardhi. Picha ya mita 2.4 tayari ni kali kuliko skrini inavyoweza kuonyesha, na ile ya sentimita 60 inapotea bure mara mia. Ukiwa futi 3,000 na kutazama kijiji kilicho kilomita 5 mbele, pikseli inafunika mita 2.7 kwa upana. Hata hapo ngazi ya 16 inatosha. Ngazi ya 18 inaanza kulipa pale tu magurudumu yanapokaribia lami, yaani kilomita chache kuzunguka uwanja. Ortho4XP inakuruhusu kuongeza ngazi kuzunguka viwanja peke yake, na sioni sababu ya mtu mwenye diski ya kawaida kufanya vinginevyo.

Microsoft walikwenda njia tofauti. Flight Simulator yao ya kwanza, Novemba 1982, ilienea kwenye diski laini moja. Ile ya Agosti 2020, iliyotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, iliuzwa Ulaya kwa DVD 10, na bado hizo zilikuwa mwanzo tu. Mandhari halisi hukaa kwenye seva: zaidi ya petabaiti 2 za ramani za Bing. Idadi hiyo si ya ajabu ukiipigia hesabu. Nchi kavu ya dunia ni kilomita za mraba milioni 149. Ukiipiga picha yote kwa pikseli za nusu mita, baiti tatu kila moja, bila mfinyazo, unapata petabaiti 1.8. Hakuna sebule yenye diski hiyo, kwa hiyo picha huletwa kwa intaneti ndege ikiwa angani.

Hapo mzigo unahama kutoka kwenye diski kwenda kwenye bando. Toleo la 2020 lilitaka angalau megabiti 5 kwa sekunde na kupendekeza 20. Toleo la 2024 linataka 10, linapendekeza 50, na kwa hali bora linataja 100. Kumbukumbu ya RAM nayo imepanda kutoka GB 8 za chini kabisa hadi 16, na pendekezo kutoka 16 hadi 32. Laini ya megabiti 50 ikijazwa saa nzima hupitisha GB 22.5. Safari ya kawaida haijazi laini muda wote, lakini dari ndiyo hiyo, na mwenye bando la kuhesabu afahamu kwamba saa moja juu ya jiji kubwa si saa moja juu ya bahari. Siku ya uzinduzi, 19 Novemba 2024, seva zilielemewa na watu wengi waliishia kutazama skrini ya kupakia. Aliyekuwa na mandhari yake kwenye diski aliendelea kuruka.

Tuje kwenye mikono. Kwa urahisi nitachukua dola moja kuwa shilingi 130 za Kenya au 2,500 za Tanzania. Usafirishaji na kodi utaongeza mwenyewe.

Watengenezaji hupenda kutangaza biti. Kihisi cha biti 8 hugawa mwendo wa mpini katika hatua 256, cha biti 10 katika hatua 1,024, cha biti 12 katika 4,096. Joistiki ya T.16000M ya Thrustmaster inatangazwa kwa hatua 16,000 kila mhimili. Tuzipime kwa milimita. Mpini wa sentimita 20 ukilala digrii 20 kila upande, ncha yake husafiri kama milimita 137 kwa jumla. Kwa biti 8, hatua moja ni zaidi kidogo ya nusu milimita, na hapo mkono makini unaweza kuhisi mikwaruzo. Kwa biti 10 ni milimita 0.13. Kwa biti 12 ni milimita 0.03, chini ya unene wa unywele. Baada ya hapo unalipia kitu ambacho kiwiko chako hakiwezi kukitumia.

Kisichoandikwa kwenye boksi ni urefu wa safari. Kijiti cha dole gumba kwenye kidhibiti cha Xbox kina urefu wa kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo pembe zilezile zinampa gumba milimita 10 tu. Tuseme unaweza kuweka mkono mahali unapotaka kwa usahihi wa milimita moja. Kwenye kijiti una nafasi 10 za kuchagua. Kwenye joistiki, 137. Usukani wa Honeycomb Alpha unazunguka digrii 180, na mkono ulio sentimita 13 kutoka katikati unasafiri sentimita 41: nafasi 400 na zaidi. Kidhibiti cha Xbox ni karibu dola 60. Joistiki ya Logitech Extreme 3D Pro ni karibu 40, yaani shilingi 5,200 za Kenya au laki moja ya Tanzania. Usukani wa Alpha ni karibu 250. Kutoka kwenye kijiti kwenda kwenye joistiki unapata usahihi mara 13 na pesa inabaki. Kutoka joistiki kwenda usukani unapata mara tatu, kwa bei mara sita.

Na kwa ndege nyingine usukani ni hatua ya kurudi nyuma. Airbus A320, iliyoingia kazini 1988, huongozwa kwa mpini mdogo wa pembeni. Anayetaka kuirusha na akanunua usukani wa dola 250 amelipa zaidi ili awe mbali zaidi na ukweli.

Kuhusu kihisi chenyewe, tofauti inayofaa kulipiwa ni ya uimara. Potensiomita hufanya kazi kwa msuguano. Inachakaa, na baada ya muda ndege inaanza kutikisika mkono ukiwa umetulia. Dawa ya wengi ni kupanua eneo mfu la katikati hadi asilimia 5 au 10, na hapo wanapoteza sehemu ileile ambayo rubani huitumia zaidi. Kihisi cha sumaku hakigusani na kitu. T.16000M inacho, kwa bei ya takriban dola 75, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kuinunua, si hatua zake 16,000.

Kisha miguu. Ndege yenye propela moja kama Cessna 172 huvuta pua kushoto inapopewa nguvu zote, na rubani huirudisha kwa mguu wa kulia. Joistiki nyingi huigiza hilo kwa kuzungusha mpini, na mtu anayezungusha kwa mkono huohuo anaoinamishia ndege huchanganya mambo mawili kila anapotua. Pedali za bei nafuu ni dola 100 hadi 170. Ningezinunua kabla ya usukani, na kabla ya kadi mpya ya grafiki.

Nasema kabla ya kadi kwa sababu mandhari ikizidi huiba kutoka kwenye mikono. Cessna inayotua kwa kilomita 120 kwa saa husafiri mita 33 kila sekunde. Kwa fremu 30 kwa sekunde, unapata picha mpya kila mita 1.1. Kompyuta ikikwama nusu sekunde wakati inapakia majengo ya karibu na uwanja, ndege imekwenda karibu mita 17 bila wewe kuona, na kwa mteremko wa futi 500 kwa dakika imeshuka mita 1.3. Kuinua pua kabla ya kugusa lami huanza mita chache tu juu. Umepoteza sehemu kubwa ya somo, na hakuna usukani wa bei yoyote unaoweza kukurudishia.

Ndiyo maana mipangilio ni suala la vidhibiti pia. Fremu 30 zisizoyumba ni bora kuliko 60 zinazoporomoka hadi 20. Kitelezi cha kwanza kushusha ni kile cha umbali wa undani wa ardhi: ukipunguza umbali kwa nusu, eneo la kuchora linapungua hadi robo. Cha pili ni ukali wa picha. Skrini ya 4K ina pikseli milioni 8.3, mara nne ya milioni 2.07 za skrini ya 1,920 kwa 1,080. Asilimia 80 kwenye kitelezi cha ukali hupunguza kila upande, kwa hiyo pikseli zinazochorwa ni asilimia 64. Zaidi ya theluthi ya kazi imeondoka, na saa za ndege bado zinasomeka. Mawingu na vivuli vifuate. Magari ya barabarani na wafanyakazi wa uwanjani yazime tu.

Kwa dola 175, joistiki ya sumaku na pedali za bei ya chini, au shilingi 22,750 za Kenya, mtu anakuwa na mikono na miguu itakayomfaa miaka. Dola 175 hizohizo kwenye mandhari hununua ngazi moja, pengine haifiki.

Usitegemee saa unazoruka sebuleni ziingie kwenye leseni. Mamlaka ya anga ya Marekani inaruhusu saa 2.5 za kifaa cha mafunzo kuelekea leseni ya rubani binafsi, kati ya angalau saa 40, na kifaa hicho lazima kiwe kimeidhinishwa na mwalimu awepo. Simuleta ya sebuleni, hata ya dola 5,000, inahesabiwa sifuri.

Kabla hujalipa, simuleta ya FlightGear ni bure kabisa, na X-Plane 12 ina toleo la majaribio bila malipo. Chomeka joistiki ya kuazima, shusha mandhari hadi chini, tua mara kadhaa. Ukiona unakosea kwa sababu ya mkono, nunua vya mkononi. Ukiona unakosea kwa sababu picha inakwama, punguza mipangilio kwanza, maana hiyo haina bei.