Mgeni njoo, mwenyeji apone



Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunga, vijana hushuka Makambako na mabegi mgongoni, wakiuliza gari la Njombe na Makete. Baadhi yao wanakuja kujitolea. Watafundisha watoto kusoma, watapanda miti, watazungumza na vijana wenzao juu ya UKIMWI. Nia yao ni njema. Leo tuzungumzie kinachotakiwa baada ya nia njema.

Miaka michache iliyopita nilifika katika shule moja ya msingi huku nyanda za juu, kurekodi kipindi. Ubaoni palikuwa na sentensi tatu fupi na tarehe ya miezi mitatu nyuma. Mwalimu akanieleza kwamba wanafunzi wa chuo kimoja walikaa hapo wiki tatu, wakifundisha jioni watoto waliokuwa hawajui kusoma. Watoto walianza kuelewa. Wageni wakaondoka, na hapakubaki daftari wala orodha ya kuonyesha nani alifikia wapi. Mtoto mmoja aliniuliza kama nimekuja na yule dada wa kusoma. Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu msikilizaji, kwanza tutofautishe mambo. Mwanafunzi anapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, hiyo ni sehemu ya masomo yake na atapewa maksi. Kijana anapokwenda JKT kwa mujibu wa sheria, ameitwa na taifa lake. Kujitolea ni jambo la tatu: mtu anatoa muda wake mwenyewe bila kulazimishwa.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. JKT lilianzishwa Julai 1963 kwa vijana waliojitolea. Ilipofika 1966 serikali ikataka wasomi walitumikie kwa lazima, sehemu ya mshahara wao ikikatwa. Oktoba 22 mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, akapunguza pia mshahara wake na wa viongozi wenzake. Utaratibu huo wa lazima ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013. Fundisho ni kwamba mtu ukimlazimisha, hata kwa jambo jema, usiite kujitolea.

Fundisho la pili linatoka katika kisomo cha watu wazima. Miaka ya mwisho ya 1960, zaidi ya watu wazima 60 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu za serikali za 1986, walikuwa wamebaki chini ya 10. Walimu wengi wa kisomo walikuwa watu wa kujitolea wa vijijini. Lakini walikuwa na vitabu, darasa lililojulikana, msimamizi na posho ndogo. Posho ilipochelewa au kukosekana, wengi walikata tamaa.

Sasa chuo kifanye nini? Kwanza, kisubiri kuombwa, au kiulize. Halmashauri ya kijiji inayo kamati ya huduma za jamii. Hiyo ndiyo iseme tunahitaji nini, na lini. Likizo ya chuo si lazima iwe likizo ya kijiji. Ukija Agosti kufundisha, utalikuta darasa la saba likijiandaa kwa mtihani wa Septemba.

Pili, chuo kikubali kwamba kujitolea kuna gharama. Kuna nauli, chakula, mahali pa kulala, chaki, madaftari, na matibabu kijana akiugua. Nani analipa? Lisipojibiwa mapema, mzigo humwangukia bibi aliyewapokea wageni, naye hana gunia la pili la viazi. Na kijana aambiwe abebe sweta na blanketi, kwani baridi ya Kitulo haina adabu.

Tatu, awepo msimamizi mmoja chuoni na mwenyeji mmoja kijijini, wenye kujuana kwa majina na kwa simu. Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja: kazi gani, siku ngapi, saa ngapi.

Nne, vijana wafundwe kabla ya kuja, hasa wanaokwenda kwa watoto. Tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009. Asikae faraghani na mtoto, asimpige picha bila idhini ya mlezi, asiahidi ada wala viatu asivyoweza kuvileta.

Tano ni makabidhiano. Tangu siku ya kwanza, mgeni afanye kazi pamoja na mwalimu au kijana wa hapo kijijini aliyemaliza kidato cha nne. Akiondoka, aache orodha ya watoto na hatua waliyofikia. Naye apewe barua inayotaja kazi aliyofanya na saa alizotumia, impatie heshima anapotafuta ajira. Lakini asigeuzwe kuwa kisingizio cha kutoajiri walimu.

Kwa nini nasisitiza haya? Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe una maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Makete ina watoto wengi waliolelewa na bibi zao baada ya wazazi kufariki. Mtoto wa namna hiyo ameshazoea watu wanaoondoka. Tukimletea mtu wa kumpenda kwa wiki tatu, kisha aondoke bila kuaga wala kukabidhi, tumemwongezea msiba mwingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vijana wetu wa vyuo wako tayari kulishika jembe hilo. Kazi ya chuo na ya kijiji ni kuwaonyesha shamba, na kupanga nani atapalilia watakapokuwa wamekwenda.

Mpaka wiki ijayo, kwaheri.