Simu na saratani ya ubongo: Kazi ngumu ilikuwa kuhesabu dakika

Mwezi uliopita ulizungumza na simu kwa saa ngapi? Mara nyingi uliiweka sikio la kulia au la kushoto? Na miaka kumi iliyopita je?

Maswali ya aina hii ndiyo waliyoulizwa maelfu ya wagonjwa wa uvimbe wa ubongo katika nchi 13, katika utafiti mkubwa uliopewa jina la Interphone, ulioanza mwaka 2000. Majibu yao yalizua wasiwasi ambao mpaka leo unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ukifuatilia safari ya utafiti huu na tafiti zilizofuata, utaona kwamba kilichowasumbua wanasayansi zaidi ni kujua nani alizungumza na simu kwa muda gani.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Simu hutuma mawimbi ya redio, na ikiwa sikioni sehemu ya nishati yake huishia kichwani. Mawimbi hayo hayana nguvu ya kukata vinasaba kama mionzi ya eksirei. Athari yake iliyothibitika ni kupasha mwili joto. Kwa hiyo tume ya kimataifa ya ICNIRP, inayopendekeza viwango vya usalama, imeweka kikomo cha wati 2 kwa kila kilo ya tishu za kichwa. Kipimo hicho huitwa SAR, na kwenye simu nyingi ukibonyeza *#07# utakiona kwenye kioo.

Lakini joto ni jambo moja. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, mtu akitumia simu miaka nenda miaka rudi hakuna madhara yanayojijenga polepole? Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mradi wa kimataifa wa kuchunguza mawimbi ya sumakuumeme. Interphone nayo iliratibiwa na wakala wa WHO wa utafiti wa saratani, IARC, wenye makao yake Lyon, Ufaransa.

Matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2010, yaliwaacha wataalamu wakikuna vichwa. Kwa jumla watumiaji wa simu walionekana kupata uvimbe wa ubongo aina ya glioma kwa kiwango cha chini kuliko wasiotumia, kana kwamba simu ni kinga. Hapohapo, asilimia 10 ya watumiaji waliozungumza kuliko wengine wote, yaani saa 1,640 na kuendelea, walionekana kuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 40. Saa hizo zikigawanywa kwa miaka kumi ni karibu nusu saa kwa siku.

Tatizo lilikuwa kwenye mahojiano. Watu wenye afya waliotakiwa kulinganishwa na wagonjwa walikataa kwa wingi, na waliokubali walielekea kuwa watumiaji wa simu zaidi kuliko waliokataa. Upande wa wagonjwa, mtu aliyeambiwa ana uvimbe kichwani hutafuta sababu, na kumbukumbu humvuta huko. Wapo waliosema walikuwa wakiongea zaidi ya saa 5 kila siku, kwa wastani.

Mwaka 2011 IARC iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Magazeti yakapiga kelele. Ila makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Humo humo 2B kuna dondoo la jani zima la aloe vera na mboga za kachumbari ya asili ya Asia.

Dawa ya kumbukumbu mbovu ilikuwa kuwafuata watu kabla hawajaugua. Utafiti wa COSMOS uliwaandikisha watu wazima wenye afya katika nchi kadhaa za Ulaya, ukatumia pia rekodi za kampuni za simu kusahihisha makadirio yao, kisha ukasubiri. Matokeo ya mwaka 2024 yaliwahusu watu 264,574 wa Denmark, Finland, Uholanzi, Sweden na Uingereza. Katika miaka takriban saba, 149 walipata glioma. Waliozungumza saa 1,908 au zaidi hawakuonyesha hatari iliyozidi kwa namna ya kuaminika, wala waliotumia simu zaidi ya miaka 15.

Mwaka huohuo uchambuzi ulioagizwa na WHO ulikusanya tafiti 63 kutoka nchi 22, nao haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Kuna matokeo yanayotajwa sana na wenye shaka: yale ya panya wa Marekani, yaliyokamilika mwaka 2018. Panya madume waliopigwa mawimbi mwili mzima, saa tisa kwa siku kwa miaka miwili, baadhi yao walipata uvimbe wa moyo. Majike hawakuonyesha hivyo, na madume hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuguswa.

Faili la sumakuumeme kwa jumla halijafungwa. Kwa nyaya za umeme, uchambuzi wa mwaka 2000 uliona saratani ya damu ikiongezeka maradufu kwa watoto waishio kwenye uga wa sumaku unaozidi mikrotesla 0.4, kiwango ambacho nyumba chache hufikia. Maabara hazijapata maelezo ya jambo hilo.

Kwetu, hasira nyingi huelekezwa kwenye minara ya simu. Lakini simu hupandisha nguvu yake mtandao unapokuwa hafifu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Mwenye kitochi cha 2G anayehangaika kijijini kutafuta mtandao, simu ikiwa imebanwa sikioni, hupokea mawimbi mengi kuliko anayepita chini ya mnara na simu mfukoni. Ukitaka kupunguza, tumia spika au visikilizio, na usubiri mtandao ukae sawa.

Hatari ya simu isiyo na ubishi iko barabarani. Kwa mujibu wa WHO, dereva anayetumia simu yuko kwenye uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne zaidi, na kutumia simu bila kuishika hakupunguzi sana hatari hiyo. Kwa hiyo abiria akiona bodaboda wake ameichomeka simu ndani ya helmeti na kuanza maongezi, ana haki ya kumwambia asimame, amalize kwanza.