Msumeno wa injini ukivuja petroli, usiuwashe

DESEMBA inapobisha hodi, jamaa nyingi za mjini hufunga safari kwenda mashambani. Huko kazi huwa zinasubiri: mkaratusi ulioangukia ua, kuni za sherehe, matawi yanayotishia paa la nyumba ya nyanya.

Basi msumeno wa injini, ule ambao wengi wetu tunauita pawa-so, hutolewa stoo ulikokaa tangu Pasaka. Hapo ndipo mtu huona doa chini yake na kusikia harufu ya petroli.

Wengi hupangusa kwa tambara, wakavuta kamba na kuendelea na kazi. Usifanye hivyo. Dalili ya mvua ni mawingu, na harufu hiyo ndiyo mawingu yenyewe.

Wakenya tunaijua petroli. Mnamo Januari 2009, zaidi ya watu 100 walifariki Sachangwan, karibu na Molo, baada ya lori la mafuta lililoanguka kushika moto. Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliwaka na kuwaua makumi ya watu katika mtaa wa Sinai, Nairobi. Kilichowaka huko kwa maelfu ya lita ndicho kilichomo katika tangi la msumeno wako. Nusu lita yatosha kumuunguza aliyeushika.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sufuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupai juu ukapotea. Hutambaa sakafuni hadi ulipo moto. Ndiyo sababu msumeno unaovuja haupaswi kuwekwa jikoni, hata kama jiko liko pembe ya pili ya chumba.

Hatua ya kwanza

Zima injini. Utoe msumeno nje, mbali na jiko, sigara na taa ya moto, kisha uuache upoe kabisa. Bomba la moshi la mashine hii hupata joto la mamia ya nyuzi, na liko karibu sana na tangi.

Usifungue kifuniko cha tangi injini ingali moto. Mvuke uliobanwa ndani unaweza kuirusha petroli usoni mwako. Ikiwa nguo zako zimelowa, zivue na uoge kwa sabuni kabla ya kukaribia moto wowote.

Ni petroli au ni oili?

Msumeno una matangi mawili. Moja ni la petroli iliyochanganywa na oili. La pili hubeba oili nzito ya kulainisha mnyororo. Watu wengi hupeleka mashine kwa fundi wakilalamikia petroli, kumbe kinachodondoka ni oili ya mnyororo.

Weka msumeno juu ya kipande cha katoni safi. Petroli hunuka na doa lake hukauka upesi. Oili ya mnyororo hunata vidoleni na doa lake hubaki. Matone machache ya oili hiyo baada ya kazi si jambo la kushangaza, kwa kuwa mengine huwa yamesalia kwenye bapa la chuma linalobeba mnyororo. Petroli ni kinyume chake: hata tone moja halifai.

Tafuta tundu

Ukithibitisha kwamba ni petroli, mwaga iliyomo katika chombo salama. Safisha mashine kwa brashi hadi vumbi la mbao liishe, kisha uikaushe. Tia petroli kidogo, funga, uiweke juu ya katoni nyingine na usubiri. Iweke wima kwanza, kisha ilaze upande mmoja, halafu wa pili. Mahali panapolowa kwanza ndipo penye kisa.

Anzia kwenye kifuniko, kwa sababu ndicho rahisi na ndicho chenye makosa mara nyingi. Kina pete ya mpira. Ikiwa imepasuka, imevimba au ina punje za vumbi la mbao, petroli itapenya. Angalia pia kama kifuniko kimefungwa kombo. Pete mpya ni kitu kidogo mno kikilinganishwa na bei ya mashine.

Pili, tazama tundu la kupumulia la tangi. Wewe mwanafunzi wa fizikia utaelewa mara moja: petroli inapopungua, lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Tundu hili huruhusu hewa kuingia na kuizuia petroli kutoka. Likiharibika na kubaki wazi, msumeno huvuja ukilazwa ubavu. Likiziba, injini hunguruma kwa dakika chache kisha huzima, na hukubali kuwaka tena kifuniko kikilegezwa. Sikiliza dalili hizo, zitakuokolea pesa.

Tatu ni paipu ya petroli, ule mpira mwembamba unaotoka ndani ya tangi kwenda kwenye kabureta. Mpira huzeeka. Hukauka, ukapasuka hasa pale unapopita kwenye ukuta wa tangi. Ukunje polepole kwa vidole: ukiona nyufa, ubadilishe. Usidanganyike kutia paipu yoyote ya plastiki unayoikuta dukani. Isiyotengenezewa petroli hugeuka ngumu kama kijiti, na utarudi ulikoanzia.

Baadhi ya misumeno ina kibofu cha plastiki ambacho hubonyezwa kabla ya kuvuta kamba. Nacho hupasuka kwa jua na umri. Kibonyeze na utazame kama kinatoa jasho.

Kabureta

Iwapo chujio la hewa limelowa petroli, au plagi inatoka ikiwa imelowa chepechepe, shuku kabureta.

Kabureta ya pikipiki nyingi ina kielea kinachopanda na kushuka pamoja na petroli. Msumeno haungeweza kutumia mtindo huo, kwa maana hulazwa na kupinduliwa kila wakati. Badala yake una utando mwembamba unaofungua na kufunga kisindano kidogo. Uchafu mdogo ukikwama chini ya kisindano, au utando ukikakamaa, petroli haizuiliki. Hufurika.

Kazi hii mwachie fundi anayeijua. Lakini muulize kwanza kama yatosha kubadilisha utando, kisindano na gasiketi, kabla hujakubali kununua kabureta nzima. Mwambie pia akurudishie vipuri vya zamani uvione.

Mwisho ni tangi lenyewe. Likiwa na ufa, usilipake gundi wala usiruhusu mtu alichomelee. Tangi tupu la petroli lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Nunua jingine.

Baada ya matengenezo yoyote, rudia jaribio la katoni. Ni hapo tu, katoni ikiwa kavu pande zote, ndipo unapovuta kamba.

Kinga ni bora

Misumeno mingi huharibika ikiwa imekaa tu. Petroli iliyosahauliwa tangini kwa miezi huacha utomvu unaoziba kabureta. Kabla ya kuuweka stoo, mwaga petroli yote, kisha washa injini hadi izime yenyewe.

Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Ikiwa ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, basi lita moja ya petroli yahitaji mililita 20 za oili. Ikiwa ni 25 kwa moja, tia mililita 40. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari si ya kazi hii.

Unapojaza tangi, weka msumeno chini, pangusa kifuniko kabla ya kukifungua, kisha sogea angalau mita tatu kutoka hapo kabla ya kuwasha. Petroli ikishika moto, ifunike kwa mchanga au udongo. Maji huisambaza.

Na hili, mzazi, ni lako hasa: usiweke petroli kwenye chupa ya soda. Mtoto haijui tofauti. Akiinywa, usimlazimishe kutapika, kwani inaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini.

Je, kama huna msumeno bali unamkodi mwenye nao aje akate mti uani? Haki yako ni ile ile. Kabla hajaanza, tazama chini ya mashine, nusa, na uangalie kifuniko kama kimefungwa kwa mfuko wa plastiki au kitambaa. Ukikuta hivyo, mwambie kwa upole akarekebishe kwanza. Atanung'unika, pengine atakwambia ameutumia hivyo miaka mingi. Mwache anung'unike. Mikono inayoushika ni yake, na nyumba iliyo karibu ni yako.

Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa msumeno wa injini, ufa huo huenda ukawa pete ya mpira isiyozidi upana wa kifuniko. Itazame leo, kabla kuni hazijahitajika.