Gemu ghushi za mtandaoni zinavyowanasa wanunuzi walio mbali

KIJANA wa Muthara, katika eneo la Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, anapoamua kuwekeza mauzo yake ya miraa katika kibanda cha michezo ya video, hununua kwanza runinga, mtambo na padi. Gemu zenyewe huja mwisho, wakati fedha zimekaribia kuisha. Hapo ndipo macho yake hutua kwenye tangazo la mtandaoni lenye bei ya chini kuliko mengine yote.

Kifurushi hicho aghalabu hutoka Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 200, kikasafirishwa kwa matatu baada ya fedha kutumwa kwa M-Pesa. Ikibainika kwamba diski ni ghushi, gharama ya kuirudisha huenda ikazidi bei yake, na muuzaji huenda amekwisha zima simu.

Katika mnada wa mifugo, mnunuzi hufungua kinywa cha mbuzi akahesabu meno, akampapasa mgongo, ndipo akataja bei. Mnada wa mtandaoni, uliopata umaarufu baada ya eBay kuanzishwa nchini Marekani mwaka wa 1995, hauna nafasi hiyo. Anayeshinda hushinda picha na maelezo. Bidhaa huja baadaye. Hali ni hiyo hiyo kwa anayejadiliana bei na muuzaji wa Facebook au Jiji.

Ugumu wa kutambua gemu ghushi umeongezwa na mtambo uliopendwa kuliko yote, PlayStation 2, ambao ulianza kuuzwa mwaka wa 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Katika hali yake ya kiwandani, mtambo huo hutafuta kwenye diski alama ya siri ambayo mashine ya kawaida ya kunakili haiwezi kuiandika. Alama isipopatikana, mchezo haufunguki. Mafundi waliizunguka kinga hiyo kwa kutia chipu ndani ya mtambo, nayo chipu hukubali diski yoyote, halisi na ya kughushi. Kwa hivyo mwenye mtambo wa chipu anaweza kucheza mwaka mzima bila kujua alichouziwa. Siku atakayonunua mtambo usiofunguliwa, au kujaribu kuuza gemu zake kwa bei ya bidhaa halisi, ndipo atakapogundua kwamba rafu yake nzima haina thamani.

Wapo pia wanaolalamika kwamba wameuziwa bandia ilhali walichonunua ni halisi. Gemu za PlayStation 2 ziligawanywa kwa maeneo ya dunia, na diski halali iliyotengenezewa soko la Marekani hukataliwa na mtambo wa Ulaya ambao haujabadilishwa. Nambari ya gemu iliyochapishwa kwenye diski huonyesha asili yake: za Marekani nyingi huanza kwa herufi SLUS na za Ulaya SLES. Anayenunua mnadani kutoka ng'ambo anafaa kuuliza nambari hiyo kabla ya kutaja bei, kwa maana muuzaji hatalaumiwa kwa kosa la mnunuzi.

Ushahidi mkubwa zaidi uko upande wa chini wa diski, upande ambao picha nyingi za matangazo hazionyeshi. Diski ya kiwandani ya PlayStation 2 huwa ya rangi ya fedha, au ya buluu kwa gemu zilizotolewa kwenye sidii. Iliyonakiliwa nyumbani aghalabu huwa na wekundu wa zambarau au ukijani, na ikielekezwa kwenye mwanga huonekana mpaka kati ya sehemu iliyoandikwa na isiyoandikwa. Karibu na tundu la katikati, diski halisi huwa na maandishi madogo yaliyochongwa, yakiwemo herufi IFPI na msimbo wa kiwanda. Herufi hizo pekee hazitoshi, kwani hata diski tupu za kunakilia huweza kuwa nazo. Upande wa juu, diski halisi huchapishwa moja kwa moja. Penye karatasi iliyobandikwa, shaka imekwisha.

Basi mnunuzi na aombe picha tatu: upande wa chini, pete ya katikati, na diski ikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Ombi la tatu ndilo huwatoa jasho walaghai, kwa sababu wengi wao hawana bidhaa mkononi. Picha waliyoweka wameichukua kwingine.

Sifa za muuzaji nazo zisomwe kwa makini. Asilimia kubwa ya wateja walioridhika inaweza kujengwa kwa kuuza vitu vya bei ya chini, kisha akaunti ikageuzwa ghafla kuwa ya gemu za bei ghali. Mtu mwenye nakala kumi mpya za gemu iliyokoma kutengenezwa miaka mingi iliyopita anapaswa kuulizwa alizitoa wapi.

Kwa mitambo ya PlayStation 4 na 5, diski za kunakili si tishio kubwa kwa kuwa mtambo usiochezewa huzikataa. Ulaghai umehamia kwenye padi bandia na akaunti zilizojaa gemu. Muuzaji humpa mteja nywila, akapokea fedha, na baada ya wiki chache akairejesha akaunti kupitia anwani ya baruapepe aliyoifungulia. Mnunuzi hana pa kulalamika, maana masharti ya Sony hayaruhusu akaunti kuuzwa.

Kuhusu malipo, eBay humpa mnunuzi siku 30 tangu kupokea bidhaa kudai fedha zake ikiwa bidhaa si kama ilivyoelezwa, mradi alilipa kupitia tovuti hiyo. Anayeshawishiwa kulipa kando hupoteza kinga hiyo. M-Pesa haina kinga ya namna hiyo kwa ununuzi: ombi la kurejeshewa fedha huenda lisifaulu ikiwa mpokeaji amekwisha zitoa. Njia salama zaidi ni kulipa baada ya kuifungua bidhaa, au kumtuma jamaa aliye Nairobi aikague dukani.

Mwenye kibanda ana sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi ya mwaka wa 2008 haimlengi muuzaji pekee. Kukodisha bidhaa ghushi au kuzionyesha kwa ajili ya biashara pia ni kosa. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo. Aliyetapeliwa ahifadhi tangazo, mazungumzo yote, ujumbe wa M-Pesa na kasha lililoleta bidhaa, kisha apeleke malalamiko kwa mamlaka ya kukabiliana na bidhaa ghushi, ACA, au kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, kabla hajaiweka diski hiyo mbele ya wateja wake.